Ng'ombe wa Kabula Wamegeuka Gari

Jumamosi jioni, Igoma. Wingu zito limetanda upande wa ziwani tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto linanata mwilini. Nina hasira, na humu ndani sina wa kumwambia.

Leo gari la mume wangu limewaka.

Majirani wamepiga makofi. Mimi natamani lingekufa moja kwa moja.

Binti yangu Kabula alipoolewa Magu, wakwe walileta ng'ombe wa mahari, wazuri hasa. Wakati huo baba yake alikuwa ndio kwanza amepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba. Kwa desturi yetu ng'ombe wale wangekaa kwa shemeji yangu kule Kisesa, wazae, na kaka zake Kabula wakitaka kuoa tutoe humo humo. Lakini siku hizi kila kitu ruksa. Kila mwenye vijisenti anatembelea mtumba wa Japani uliopitia Dubai, na Baba Kabula naye akaona kufuga ni ushamba. Akawauza wote, akaja na stesheni wagoni nyeupe, inang'aa, ina maandishi ya Kijapani mlangoni.

Na mimi nilifurahi, nisijifanye. Jumapili ile nilikaa siti ya mbele kwenda kanisani, nimefunga kilemba, napungia watu mkono.

Kumbe tulinunua rangi. Chini ya boneti mlikuwa na injini iliyochoka zamani, inakunywa oili kuliko petroli. Tukalitunza kwa kubana: matairi vipara, vipuri vya kuchongesha kwa mafundi wa Mabatini, waya badala ya bolti. Hata kuosha hatukutaka kulipia. Kila Jumapili mchana Baba Kabula aliliingiza ziwani kama wenzake, maji mpaka kwenye milango, akalisugua huku amekunja suruali, ati maji ya ziwa ni ya bure. Bure gani! Maji yakaingia kwenye beringi na breki, kutu ikala taratibu, na sisi tunasifiana jinsi linavyometameta. Mwisho likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku wakawa wanataga kwenye siti.

Mwezi uliopita Kabula akarudi. Jicho limevimba, jino la mbele halipo. Akasema harudi kwa yule mwanamume hata iweje. Nikamwambia karibu mwanangu, hapa ni kwenu.

Haikupita wiki, wazee wa upande wa mumewe wakaja. Waliamkiana vizuri na mume wangu, wakanywa chai, hawakumtukana mtu. Walisema hawana ugomvi. Binti kama amekataa, basi ng'ombe warudi. Nikamwona mmoja wao anachungulia dirishani, anatafuta zizi, anaona gari juu ya mawe.

Nikamwambia mume wangu auze lile dude, hata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tuanze kutafuta ndama.

"Mama Kabula, gari haliuziki likiwa juu ya mawe," akanijibu. "Ngoja liwake kwanza."

Nikamwamini. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, nikampa pesa zote, hata shilingi ya sukari sikubakiza. Zikatosha beringi na breki. Betri akasema itasubiri, tutakuwa tunalisukuma.

Leo basi likawaka. Nikadhani anampelekea mnunuzi. Nimesimama mlangoni nacheka peke yangu, nikamsikia anamwita Kabula.

"Jiandae nikupeleke kwako."

Kwako! Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Hakunitazama. Alikuwa anafuta kioo na kitambaa, anafuta pale pale palipo safi.

"Ng'ombe nitawatoa wapi? Na hili gari ndilo litakalotulisha, nitabebea watu mizigo. Huyo mumewe nitaongea naye."

Kabula ameingia ndani, ametoka na mfuko wake, ameketi siti ya nyuma. Sijui aliniangalia au hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimeinama, natafuta ndala zangu ili niseme kitu nikiwa nimevaa viatu. Ujinga gani huu.

Wakafika barabarani, likazima.

"Sukumeni!" Baba Kabula akapiga kelele.

Nikaenda kusukuma.

Sielewi. Nimeolewa na gari hili miaka yote hii, likizima nasukuma, mwili umeshazoea kuliko akili. Niliweka mikono nyuma yake na kuanza. Kisha mlango ukafunguliwa, Kabula akashuka, akaja kusimama pembeni yangu, naye akasukuma. Bega lake limegusa bega langu.

"Mama, kitenge kinafunguka," akaniambia.

Nikakikaza haraka kwa mkono mmoja, nikaendelea.

Likakohoa, likatoa moshi, likashika. Baba yake akatoa kichwa dirishani: "Panda! Panda, nikisimama litazima!"

Na mwanangu akakimbia. Amekimbia kulifuata gari lile, mfuko wake uko ndani tayari, mlango unapigapiga, akajirusha kwenye siti mguu mmoja bado uko nje. Hatukuagana.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye gari.

Baba Kabula amerudi saa hizi. Nimemsikia akimwambia jirani kwamba limepanda milima yote bila shida. Chakula chake kiko jikoni, akipata njaa atajipakulia.

Kesho siendi kanisani, Mungu anajua. Napanda basi la kwanza la Magu na sirudi bila Kabula. Wale wazee wakinidai ng'ombe wao, nitawaambia wako nyumbani kwangu Igoma, weupe, wana maandishi ya Kijapani mlangoni. Waje wawaswage wenyewe.