Kompyuta ya Wafula Ina Kufuli

Jumanne, Julai 1996

Hakuna mtu Kariobangi nzima anayeweza kuingia kwenye kompyuta yangu. Uongo mtupu. Hata mbuzi akikanyaga swichi anaingia na kufuta atakacho, maana programu ya zamani ya mashine hii haimjui mwenye nyumba wala mgeni. Jumapili shemeji alikuja kunywa chai, akabonyeza-bonyeza, nyimbo tatu za kwaya ya kanisa nilizokuwa nikiwatunzia zikapotea.

Leo kwaya imehamishia nyimbo zote kwa Wafula, mstaafu wa reli wa mlango wa pili. Mashine yake ni kuukuu kama yangu, lakini ameiandikia mwenyewe programu ya kuuliza jina na neno la siri. Majivuno!

"Kwako ni kama choo cha wapangaji wote wa ploti, mzee," Mama Rispa wa kwaya akaniambia mbele ya wenzake. "Kila mtu anaingia."

Nilicheka nao, lakini niliona wivu. Sasa hata mazoezi ya Alhamisi yatakuwa kwake. Tangu mama watoto afariki, ni hao tu waliokuwa wakiijaza nyumba hii.

Wafula, nilikushikia ngazi ukifunga eriali, mvua ikininyeshea. Njoo uniwekee na mimi hiyo kufuli ya neno la siri. Ila Mama Rispa asijue ni wewe.