Pumzi Alizozihesabu Véronique

Jumanne, jioni

Nilimcheka mbele ya wenzake wote.

Véronique ni muuguzi kutoka mtaa wa Lubunga, mtu wa miaka mingi kazini. Mimi ndiye ninayemfundisha utabibu wa watoto hapa hospitalini. Asubuhi alihesabu pumzi za mtoto mmoja kwa dakika nzima, midomo yake mwenyewe ikichezacheza kwa kila namba.

"Madame, mutoto huyu anapumua mbio. Iko na pneumonie. Tumulaze."

"Bon, unahesabu kama mutoto wa shule," nikamwambia. Wenzake wakaangua kicheko.

Mimi sikuhesabu wala kupima mapafu. Niligusa paji la uso tu, nikamrudisha mtoto nyumbani na dawa ya homa.

Saa tisa mama yake alirudi mbio naye mikononi. Mtoto alipovuta hewa, kila mara mbavu zake zilibonyea ndani. Véronique akamwekea oksijeni. Mimi nilisimama tu mlangoni.

Alikufa kabla ya saa kumi.

Mama akaniuliza, "Asubuhi hamukuona kitu?"

Véronique akanitazama, akangoja niseme.

"Hapana, maman. Asubuhi hatukuona kitu."