Ulimwengu Unapanukia Wapi, Aziza?

Aziza, rafiki yangu,

Nimerudi kushona. Mwanzoni nilikuwa nafungua mlango wa atelie yetu ya kushona, nakaa tu, nafunga. Cherehani yako iko palepale karibu na dirisha, nimeifunika kitenge. Wateja wananipa pole, halafu wanaulizia nguo zao. Siwalaumu.

Unakumbuka ile siku redio ya jirani ilisema ulimwengu unazidi kupanuka? Ulisimamisha miguu kwenye pedali. "Bon. Inapanuka kuingia fasi gani?" Nikasema Mungu ndiye anajua. "Mungu anajua, ndiyo. Lakini mimi ndio niko nauliza!" Tukabishana wiki nzima, wewe binti wa Waislamu wa mjini, mimi wa wavuvi wa Yanonge, na sare za shule za watu zikachelewa.

Ulipougua nilikuwa Yanonge kwa mama. Ulifariki, ukazikwa jioni ileile, kama desturi yenu. Mimi nilishuka kwenye mtumbwi wa pirogi kesho yake na samaki wa moshi uliyeniagiza, nikakuta kwenu wanakunja turubai. Homa, waliniambia. Homa tu. Nilisimama uani na yule samaki mkononi, sikujua nimpe nani.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa fizikia, kijana wa chuo kikuu, alileta koti nimpunguzie mikono. Nikamuuliza swali lako. Hakucheka. Alisema kupanuka si kuingia mahali pengine, ni nafasi yenyewe inayovutika. Na mwisho wake? Labda haupo. Sisi tunaona mpaka pale ambapo mwanga umepata muda wa kutufikia. Ng'ambo ya hapo pengine kuna mengi, ila mwanga wake bado uko njiani.

Nikageuka. "Aziza, umesikia?"

Kitenge juu ya cherehani. Basi. Yule kijana akaanza kuchezea vifungo vya koti lake, na mimi nikalia mbele ya mteja, mimi ambaye ulikuwa unaniita jiwe.

Ijumaa nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, nikaenda kwa mama yako. Aliniuliza, "Mulikuwa munacheka nini kule kila siku?" Nikamwambia: redio, ubishi wetu, jibu la mwalimu. Akanimiminia chai.

"Mutoto yangu alikuwa anauliza mambo kubwa vile? Mimi alikuwa ananiuliza tu kama nimekula." Akanishika mkono. "Eleza tena."

Nikaeleza tena. Chai ikapoa.

Uko wapi, Aziza? Padri wetu ana jibu lake, mama yako ana lake, nayasikiliza yote mawili. Lakini wewe ungeuliza swali lingine juu ya majibu hayo, na hilo ndilo ninalolikosa.

Pumzika, mwenzangu. Nakuahidi: mama yako nitamtembelea kila Ijumaa, na nikisikia jambo jipya la huko mbali, wa kwanza kuambiwa atakuwa yeye, maana wewe nikikuita huitiki.

Wako,
Beatrisi