Kombe Lisilo na Mwenzake

Mwaka umetimia, Alfani Boga, tangu lile bamvua la kwanza baada ya Uhuru likutoe cherehanini. Msambweni nzima walikuwa bado wakizungumzia bendera. Wewe ulikuwa na habari ya mwamba tu, kwamba maji yangekupwa hadi mahali ambapo jicho halifiki siku nyingine.

Watu walikuvumilia mengi. Mtu akifuata nguo yake ya sikukuu akakuta kiti kitupu, alijua maji yamekupwa, akarudi zake akinung'unika. Lakini hukumdhulumu mtu. Watoto wa mtaa uliwapa kauri za kuchezea, na kila jiwe uliloligeuza mwambani ulilirudisha lilivyokuwa. "Waliomo chini nao wana kwao," ulikuwa ukisema.

Mkeo Biasha hakuchoka kukutania: "Nyumba hii ni ya watu au ya makombe ya baharini?" Nawe ulimjibu kwamba ni ya wote, mradi wakae wawili wawili. Hukupenda kombe likae peke yake. Kila moja ulilitafutia mwenzake wa rangi na kimo, ndipo ukayaweka dirishani.

Lililokuwa zuri kuliko yote hukulitia kapuni. Ulilificha kwenye pindo la kikoi, wenzako wasilione, ukaja nalo hadi kwa Biasha. Siku ile ya bamvua ulifika mlangoni ukicheka.

"Kuna kitu kimenidunga kiunoni," ulimwambia. "Si neno, sindano nimezizoea."

Fundi cherehani akisema hivyo, nani atambishia? Kisha midomo ikafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Biasha alipolifungua pindo alilikuta: refu, la madoa ya kahawia, lile ambalo wavuvi hulipitia mbali kwa sumu yake. Lilikuwa bado hai. Alasiri haikukukuta. Kazi ya Mola haina makosa, lakini inauma.

Biasha alitaka litupwe. Chiku, binti yenu wa pekee, akakataa. Alilifukia mchangani nyuma ya jiko, sisimizi wakalisafisha kama ulivyomfundisha, akaliweka dirishani.

"Hili nalo lina haki ya mwenzake," alimwambia mama yake. "Baba asingeliacha hivi."

"Kilichomuua baba yako ni hilo hilo, mwanangu."

"Najua, Mama. Mimi nitaangalia."

Hata wewe ulikuwa ukiangalia, Alfani. Tangu siku hiyo Biasha hana raha. Mwezi ukiandama wenzake hufurahi, yeye huanza kuhesabu siku, kwa kuwa bamvua hufuata nyuma. Amemwona Chiku akirudi mwambani, leso imekunjwa kiunoni, na pindo limetuna. Amelificha kapu darini, limeonekana. Amemwomba nduguyo Mwero amkanye, naye amemkanya. Chiku aliitika "Ndiyo, Ami," kwa adabu zote, na bamvua lililofuata alikwenda.

Leo asubuhi tumekusomea hitima. Tulipoinuka, kapu halikuwa msumarini, na maji yamekupwa sana.

Tunaokukumbuka ni mkeo Biasha, ambaye ameshatoka kwenda pwani bila viatu. Nduguyo Mwero, aliyemfuata. Jirani yako Kaingu, anayetuandikia haya. Na bintiyo Chiku, ambaye bado hajarudi.

Wewe hatutakusahau maisha yetu yote. Ila huyu, Alfani, usimwite.