Nilimdanganya Karani wa Utafiti, Kisha Nikaolewa Naye

Shangazi Kui,

Salamu kutoka Karagita. Nina furaha hadi naona aibu kukusumbua, maana nimeolewa miezi minne tu na kila asubuhi nikiamka nikamwona mume wangu akipiga pasi shati lake huku akiimba nyimbo za kwaya vibaya sana, namuuliza Mungu nilifanya nini hadi nikapewa mtu huyu. Nitamwita Kipketer, ingawa si jina lake. Lakini kuna jambo sijamwambia na siku zimebaki chache, kwa hivyo naomba unisaidie.

Tulikutana akiwa kazini. Alikuwa karani wa utafiti wa taifa wa kuuliza watu kuhusu pombe, dawa za kulevya na afya ya akili, na katika ploti yetu nzima ya vyumba vya kupanga chumba kilichochaguliwa kilikuwa changu, basi akaingia na tableti yake, viatu vimejaa vumbi lakini shati limenyooka, akaketi kwenye stuli, akaniahidi kwamba nitakayosema ni siri, halafu akaanza kuuliza kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kusikia kwa supavaisa yeyote wa shamba la maua ninakofanya kazi.

Shangazi, nilijibu hapana kwa kila swali. Umekunywa pombe mwezi huu? Hapana. Umewahi kukaa wiki mbili ukiona maisha hayana maana? Hapana. Ukweli ni kwamba dada yangu alikuwa amefariki, na kila jioni nikitoka kufunga waridi nilikuwa nanunua kichupa cha pombe kali, na kichupa cha siku hiyo kilikuwa nyuma ya hiyo stuli aliyokalia. Nilidanganya kwa sababu moja ya kijinga: alikuwa anapendeza, na mimi nilitaka kumpendeza.

Baadaye jirani yangu Chepchirchir alinipeleka kliniki, nikaacha pombe, na sijaigusa tena. Mwaka uliofuata Kipketer akajiunga na kwaya yetu, akanikumbuka, na mengine ni raha tupu.

Sasa takwimu za utafiti huo zimewekwa wazi kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuzichukua bila kuomba ruhusa, na mume wangu anazipenda kama mtu anavyopenda shamba alilolima mwenyewe.

"Hii ni ya kila mtu, mrembo," aliniambia akinionyesha simu. "Hata yule mathe wa mboga hapo nje anaweza kuifungua."

"Na majina yetu?"

"Hakuna majina. Mtu ni namba tu. Hata mtaa hautajwi."

Akanifungulia jedwali la wanawake wa umri wangu, nikatafuta lile swali la wiki mbili, nikaona waliojibu ndiyo. Ni wengi, Shangazi! Nilitoka nje nikalia, maana miezi ile yote nilidhani ni mimi pekee Kenya nzima, kumbe tulikuwa wengi hivyo, na hao wenzangu walisema ukweli lakini mimi nikawaacha nikaenda kuhesabiwa upande mwingine.

Shida ni kwamba Kipketer ananisifu kwa hayo majibu. Siku ya harusi alishika maiki akasema, "Niligonga milango Karagita nzima, huyu peke yake alijibu hapana mwanzo hadi mwisho!" Watu wakapiga vigelegele, na shangazi yake wa Ndabibi akapaza sauti, "Na wewe ukaamua kubeba fomu nyumbani!" Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumamosi hii kuna baraza la chifu, naye amealikwa kufundisha watu kusoma hizo takwimu. Anataka nisimame mbele kama mfano wa mtu aliyejibu hapana kwa yote. Je, nimwambie ukweli, au ninyamaze nilinde furaha yetu? Na je, niwaandikie wenye utafiti wabadilishe majibu yangu?

Mke Mpya, Karagita

SHANGAZI KUI ANAJIBU

Mke Mpya, hongera kwa ndoa, na hongera mara mbili kwa kuacha pombe. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi, na ulilitaja kwa nusu sentensi.

Usiwaandikie wenye utafiti. Hawawezi kukutafuta mle ndani, na ni vizuri kwamba hawawezi. Wanajua pia kuwa wengine huficha. Lakini kumdanganya karani kwa sababu ana shati safi ni utoto, na hilo nakuambia waziwazi. Jedwali lililokufariji lipo kwa sababu kuna wanawake waliosema ndiyo huku uso unawaka. Ulifaidika na ujasiri wao.

Sasa mume wako. Nampenda. Mtu anayefurahia kuona mama wa mboga akifungua takwimu za taifa lake, huyo ni mtu wa maana. Lakini alikuahidi siri, kisha akayatangaza majibu yako kwa maiki. Kwamba alikuwa anakusifu haibadilishi kitu. Utafiti uliondoa jina lako, yeye akalirudisha. Mwambie hilo pia, bila kupayuka.

Ongea naye Alhamisi mkishakula, simu zikiwa zimezimwa na Chepchirchir akiwa kwake. Usianze na "kuna kitu kidogo." Mwambie ulikuwa unakunywa nini, kwa nini, na uliacha lini. Akiuliza kwa nini ulimdanganya, mwambie sababu ile ile uliyoniambia. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee usiku kucha.

Jumamosi usisimame mbele kama mfano wa uongo. Kama mtakubaliana, na kama moyo wako uko tayari, simama kwa yale ya kweli. Kama hauko tayari, kaa na wanawake wengine usikilize. Huna deni kwa baraza. Na ile hali ya zamani ikianza kurudi, rudi kliniki mapema, usingoje kushikwa mkono.

Huyo mwanamume alizunguka milango mingi akisikiliza wageni wakimweleza mambo mazito. Mpe nafasi amsikilize mkewe. Na iwe Alhamisi, kwa sababu ukingoja Ijumaa, utapata sababu ya kungoja hadi baraza liishe.