Kanda ya Harusi ya Radhiya

Jang'ombe, Unguja

Mwanangu Zuleikha,

Sote wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo.

Ile kanda ya video ya harusi ya marehemu mama yako, Radhiya, fundi Ubwa alitaka kukuhamishia kwenye simu tangu mwaka juzi. Bibi yako akakataa: wanawake wamo vichwa wazi, mwanamme asiwaone. Tukangoja fundi mwanamke. Wiki iliyopita kapatikana, kaifungua, ukungu umeila yote. Picha hamna, sauti hamna.

Bibi hajui. Kila akiniona huniuliza kama umeshamsikia mama yako anavyocheka, maana alikuacha mchanga. Nshamwambia umesikia, ukalia. Akikupigia, mwanangu, mwambie vicheko vyenu vimefanana.

Mama yako mdogo,
Khamisa