Tumbo Lako na Kiwiko cha Mama

Dada Rehema, shikamoo.

Picha ya tembo kwenye kadi hii ni ya Mikumi, ila nakuandikia jikoni kwa Mama, Kilosa. Leo nimemweleza matibabu yako: kwamba dripu ya dawa ya saratani ya kongosho ikiwa inaingia, mashine inalipasha tumbo joto ili dawa ifanye kazi zaidi, na kwamba daktari bado anajaribu, hajaahidi kitu.

Nilidhani atalia. Akasema, "Kumbe wanamkanda," kama yeye alivyokukanda kwa maji ya moto ulipojifungua. Akauliza joto wanalipima kwa kiwiko cha nani, kama yeye alivyoyapima maji yako kwa chake. Nikamwambia mashine inajipima yenyewe. Akakoroga maharage, kisha akauliza, "Na mkono nani anamshika?"

Nikamwambia mimi huwa nabaki nje kwenye benchi.

Jumatatu tunakuja wote kwa treni. Kitambaa chake cha kukandia ameshakifua. Nimemwambia hospitali hawatakihitaji, akakikunja na kukitia kwenye mkoba. Ukimwona amekaa nacho kando ya kitanda chako, usimcheke. Mpe mkono.

Mdogo wako,
Idi